Kafi Wawili

Shubra, Kairo
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Mama Kafi,

Salamu utazikuta mwishoni. Kwanza kaa chini, na kama una sufuria motoni iepue, maana wewe nakujua, ukipata habari unasahau jiko.

Mmeitwa! Wewe na wanao watatu. Mahojiano ya kuhamishiwa Kanada, Alhamisi tarehe 24 mwezi huu, saa mbili asubuhi, ofisi ya wakimbizi hapa Kairo. Karatasi yenyewe nimekutumia humu. Nimeisoma mara nne kwa miwani na mara moja bila miwani, inasema vilevile. Miaka mitatu faili lako limelala pale, na mimi nimekuwa nikienda kulitikisa kila mwezi mpaka walinzi wananiita shangazi.

Nimepitia tena ukurasa wa familia usije ukakutwa na kosa: Ikhlas Nalu, mama, miaka 37. Kafi, mwana, 13. Kafi, mwana, 10. Tia, mwana, 6. Hivi nikuulize, majina yaliisha huko milimani kwenu hata ukawapa wawili jina moja? Nilipokuwa nakuandikia maelezo yako pale kituo cha msaada ninakojitolea kila Jumanne nilimwambia mwenzangu, mama huyu alimpenda Kafi wa kwanza mpaka akaagiza mwingine.

Sasa zawadi yangu. Nakumbuka mara ile mkalimani wa Khartoum alivyokuwa anakukatiza maneno, ukalia, na yeye akaandika "mhojiwa amenyamaza". Safari hii nimekuombea mtu wa kwenu hasa, wa Milima ya Nuba. Anaitwa Ustadhi Yunan, ameanza kazi mwezi uliopita. Yule binti wa ratiba nimembembeleza wiki nzima na biskuti za kuoka mwenyewe. Utasema kwa lugha ya mama yako, na utasikilizwa.

Jambo moja dogo: Kafi Mkubwa ameshapita miaka kumi na miwili, kwa hiyo ataingia peke yake kuulizwa maswali machache. Asiogope. Nilipiga simu akapokea yeye, akasema uko kwenye lile jiko lenu la kujitolea mnapika chakula cha wageni waliovuka mpaka. Sikumwambia kitu. Nilitaka uisikie wewe kwanza. Ndiyo maana nampa Bakhita, muuza bamia, barua hii anaporudi Aswan na magunia yake.

Salamu zako ndizo hizi, na mabusu kwa watoto.

Madiha Wassef
karani mstaafu, mwenye magoti mabovu


Aswan
7 Oktoba 2024

Bi Madiha mpendwa,

Nimeipata. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu sikukusikiliza, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la dengu mbele ya watu. Jana tulilisha wageni themanini na sita, wengine wametembea jangwani siku tatu, na mimi nilikuwa nawapakulia huku nacheka peke yangu. Mungu akulipe, maana mimi siwezi.

Lakini nina ombi, na nakuomba usiniulize sana. Huyo mkalimani abadilishwe. Nirudishie yule wa Khartoum. Anikatize tu, nitavumilia. Watu wa upande wa huyo Ustadhi na watu wa upande wetu hawaivi tangu zamani, mambo ya mashamba na ng'ombe, na sitakuwa huru kusema mbele yake.

Pia tafadhali usinipigie simu kuhusu jambo hili wala kutuma ujumbe. Simu ni moja, na Kafi Mkubwa ndiye msomaji wa nyumba nzima. Hunisomea mpaka matangazo ya kampuni ya simu. Andika, mpe Bakhita au dada yake, wanapokezana safari. Wakiifunga ndani ya gunia la bamia kavu hakuna atakayeiona.

Watoto wazima. Kafi Mdogo anasema anataka kuwa rubani, na Tia anataka kuwa Kafi Mdogo.

Wako,
Ikhlas


Shubra
10 Oktoba 2024

Mama Kafi,

Hawaivi? Ng'ombe? Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na nne nikiandika uongo wa watu kwa mwandiko mzuri. Naujua ulivyo. Huwa na mashamba ndani yake, na ng'ombe, na mambo ya tangu zamani.

Hata hivyo nimekwenda, kwa sababu nakupenda. Nimemwomba binti wa ratiba abadilishe. Akaniambia haiwezekani, faili limeshafika kwa Ustadhi Yunan. Halafu akaniambia jingine. Ustadhi aliufungua ukurasa wa familia, akausoma, akarudi juu, akausoma tena. Akauliza, "Huyu mama ana Kafi wawili?" Kisha akachukua penseli akaweka alama pembeni. Nilimtafuta nikamuuliza kuna nini. Mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe kidogo. Akasema, "Nitamuuliza mwenyewe siku hiyo, mama." Basi.

Alama ya penseli mimi ninaijua. Nimeona watu wakifungwa kwa alama ya penseli.

Sikiliza. Yale maelezo yana sahihi yangu na muhuri wa kituo. Nyuma yako kuna familia kumi na moja, zote kwa muhuri huohuo. Wakikuta uongo mmoja, watageukia zote, na mimi ndiye nitakayewaambia wale wanawake wasije tena Jumanne. Sikutishi. Ninakuambia kilichopo. Na wewe mwenyewe, faili likifungwa kwa udanganyifu, halifunguliwi tena maishani mwako.

Zimebaki siku kumi na nne. Niambie Kafi wawili wana nini.

Madiha


Aswan
13 Oktoba 2024

Bi Madiha,

Nisamehe kwa uongo wa ng'ombe.

Kwetu jina la mtoto hatulichagui, linahesabu. Mwana wa kiume wa pili wa mama ni Kafi. Wa tatu ni Tia. Wa nne ni Tutu. Ukikutana na mtu barabarani akakutajia jina lake, umeshajua alikuwa wa ngapi kwa mama yake. Mama mmoja hapati Kafi wawili. Mtu wa kwetu akisoma ukurasa ule haoni watoto wa mama mmoja. Anaona mama wawili.

Mama wa pili ni dada yangu Kaltuma. Mwaka 2012, wakati wa kuvuna mtama, ndege ilidondosha mabomu shambani. Kaltuma alikufa na mwanawe wa kwanza. Kafi alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, nilikuwa naye nyumbani kwa sababu mimi nilikuwa nanyonyesha wangu wa kwanza. Nikawanyonyesha wote wawili. Wangu akafa kwa surua mwaka uliofuata. Wa Kaltuma akaishi. Baba yake alikwenda vitani na tangu hapo hatujui kama ni mzima au ni maiti.

Nilipozaa tena mwana wa kiume alikuwa wa pili wangu. Ningemwitaje? Kumpa jina jingine ni kumnyima nafasi yake, na ni kumfuta yule wangu aliyekufa. Ilibidi awe Kafi. Kafi Mkubwa alipouliza, nilimwambia mdogo wake amepewa jina la babu. Akakubali.

Siku ya kuandikishwa hapa Misri waliniuliza, "Hawa wote wako?" Nikasema wangu. Wallahi, Bi Madiha, sikuona kama nimedanganya. Kwetu mtoto wa dada yako ukisema mbele ya watu "huyu ni wa dada yangu", umemwambia ainuke kwenye chakula. Wao wakaandika "amezaliwa na". Wewe ukanakili kutoka kwao. Nami nikakaa kimya miaka mitatu. Kosa ni langu, si lako.

Naogopa. Kuna jirani yangu hapa alisema ukweli kwamba mmoja wa watoto ni wa kaka yake. Safari ikatoka ya watu watano. Yule wa sita akaambiwa asubiri uchunguzi, na mpaka leo anasubiri, analala kwa watu.

Nimefikiri njia. Andika kwamba Kafi Mkubwa ni mtoto wa mke mwenzangu aliyekufa. Marehemu mume wangu hakuna wa kumuuliza. Kafi wa mke mwenza na Kafi wangu, baba mmoja, hesabu inakaa sawa hata kwa Ustadhi. Ni mstari mmoja tu. Nisaidie, nakushika miguu.

Na Kafi Mkubwa hajui. Asijue.

Ikhlas


Shubra
15 Oktoba 2024

Ikhlas mwanangu,

Niliuandika ule mstari. Nakiri. "Mtoto wa mke mwenza, marehemu." Umekaa vizuri, hakimu yeyote angeukubali. Niliuangalia nikala chakula cha mchana mbele yake, kisha nikauchana.

Si kwa sababu mimi ni malaika. Ni kwa sababu Kafi ataingia peke yake. Ukiandika mke mwenza, itabidi umfundishe mtoto kusema mke mwenza. Yaani utamwambia kwamba hukumzaa, na palepale utamdanganya aliyemzaa ni nani. Kaltuma hata jina lake halitatajwa. Na mtoto wa miaka kumi na tatu akibanwa na swali la tatu anatoka jasho, na hapo mmekwisha wote.

Mahakamani nimeona jambo moja maelfu ya mara: aliyekuja na kosa lake mkononi alisikilizwa, aliyefumaniwa nalo hakusikilizwa. Kwa hiyo nimeambatanisha maelezo ya kusahihisha. Yote uliyoniandikia nimeyaweka kwa lugha ya ofisi. Soma, tia sahihi, njoo nayo. Tutaikabidhi kabla hujaulizwa swali lolote.

Na mwambie mtoto. Wewe, kwa kinywa chako, kabla ya Alhamisi. Asije akaambiwa na mtu mwenye penseli.

Utaniuliza kama hawatawatenganisha. Sijui. Ningekuahidi, tungekuwa waongo wawili. Nimewaza jambo hili mpaka nimeunguza wali, mimi ambaye sijaunguza wali tangu nilipoolewa. Naogopa pamoja na wewe. Hilo tu naweza kukuahidi.

Madiha


Aswan
18 Oktoba 2024

Bibi Madiha,

Mimi ni Kafi Mkubwa. Mama hajui kama nakuandikia. Gunia la Bakhita nilishusha mimi kwa sababu mama alikuwa bado jikoni, na bahasha ilikuwa inatokeza. Nimesoma yote.

Nyinyi wakubwa mnafikiri siwezi kuhesabu? Nilipokuwa na miaka saba, Omdurman, watoto wa kwetu pale mtaani waliniuliza, "Mama yako ana Kafi wangapi?" Wakacheka. Nilipigana na wawili, nikapigwa. Halafu nikahesabu mwenyewe. Hata Kafi Mdogo anajua. Tia ndiye hajui, kwa sababu Tia hajui kitu chochote. Hiyo hadithi ya babu niliacha kuiamini zamani. Babu alikuwa anaitwa Tutu.

Sikumwambia mama kwa sababu anapenda kufikiri sijui.

Sasa nakuomba. Nifute. Andika mama na Kafi mmoja na Tia. Wakiwa watatu hesabu iko sawa na huyo mkalimani hatakuwa na la kuuliza. Mimi nitabaki Aswan kwa Bakhita. Nabeba gunia la kilo hamsini bila kupumzika, muulize. Kadi ya ukimbizi ya mama imeisha muda tangu Agosti. Akiona gari la polisi anaingia kwenye duka lolote, hata la vinyozi. Mimi nachoka kumwona hivyo. Waende.

Ile karatasi ya kusahihisha nimeichana. Usitume nyingine. Na usimwambie mama. Ukimwambia nitaondoka na hamtaniona.

Samahani kama nimekosa adabu.

Kafi


Shubra
19 Oktoba 2024

Kafi,

Umekosa adabu, ndiyo, na una mwandiko mzuri kuliko majaji wote niliowahi kuwafanyia kazi.

Unaniambia nikufute. Nikueleze kazi yangu, maana naona huijui. Jina kwenye faili lile halifutwi kwa kifutio. Linafutwa kwa cheti cha kifo. Unataka nikuandikie cheti? Nikuue kwa kalamu, halafu mama yako akaulizwe pale, "Kafi alikufa lini?" naye ajibu? Nimeandika mengi maishani, hilo sitaandika.

Unafikiri wewe ni mzigo unaozidi kwenye gari. Mama yako alikunyonyesha huku anamlilia dada yake. Huyo mama hatapanda ndege akuache kwenye magunia ya bamia, na wewe unajua, ndiyo maana hukuthubutu kumwambia yeye ukaja kuniambia mimi.

Sasa utanichukia. Barua hii haina bahasha. Nimeiacha wazi makusudi. Nimempa dada yake Bakhita, anayesoma vizuri, nimemwapisha asiifiche guniani bali aisome kwa sauti mbele yenu wote, mama na watoto mkiwa mmekaa. Kwa hiyo, Ikhlas, kama unasikia sauti hii, mwanao anajua. Amejua tangu miaka saba. Ile karatasi ya kusahihisha niliyokutumia, ya kusema ukweli kabla hujaulizwa, imechanwa. Andika nyingine kwa mkono wako mwenyewe.

Umenitishia utaondoka, Kafi. Nimesikia. Nimekaa saa nzima na kitisho chako na bado nimeiacha barua wazi. Kama nimekosea, nimekosea kwako, na nitajibu kwa Mungu.

Madiha


Aswan
21 Oktoba 2024, saa kumi jioni

Bi Madiha,

Imesomwa. Dada yake Bakhita alipofika kwenye neno "cheti" Kafi alisimama. Alipofika "miaka saba" mimi ndiye niliyeshindwa kumwangalia. Dada yake Bakhita alisoma mpaka mwisho, maskini, na tulipoinua vichwa mtoto hakuwepo.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Viatu vyake vipo. Nimekwenda stesheni, sokoni, kwenye ghala la bamia. Wenzangu wa jikoni wameacha masufuria wamesambaa wanamtafuta, na wageni wamekula mkate mkavu leo kwa ajili yangu. Polisi siwezi kuwauliza, kwa kadi hii.

Nimeandika masahihisho, kurasa mbili, kwa mkono wangu. Nimetaja jina la Kaltuma. Treni yetu ni kesho mchana. Akirudi tunapanda. Asiporudi sipandi, na hayo mahojiano wayafanye na kiti.

Sikulaumu. Sina nafasi ya kukulaumu leo.

Ikhlas


Shubra
16 Januari 2025

Mama Kafi,

Tangu mrudi Aswan sijakuandikia, kwa sababu sikuwa na la kusema ila "bado". Leo ninalo, na ningependa nisingekuwa nalo.

Bado nawaona mlivyoshuka stesheni ya Ramses ile Jumatano asubuhi, wewe umemshika yule mkubwa kwa kola ya shati utadhani mwizi wa kuku, na yeye miguuni ana ndara za kike. Hujanieleza mpaka leo ulimpata wapi. Najua tu kwamba hukuiachia ile kola mpaka mlipofika kwangu.

Ustadhi Yunan nimemwona juzi. Ameniambia ile alama ya penseli aliiweka ili akuwahi mlangoni, kabla afisa hajaingia, akushauri useme ukweli mwenyewe. Naye kwao ni Kafi. Yunan ni jina la shule. Wiki mbili nzima tulimwogopa mtu ambaye alikuwa upande wetu. Akasema pia kwamba Kafi, alipoulizwa peke yake kama anataka kusafiri na wewe, alisema, "Nataka wao wasafiri." Afisa akarudia swali. Akajibu vilevile.

Jibu limetoka. Ukweli wako umekubaliwa, faili halijafungwa, na zile familia kumi na moja hazikuguswa. Kwa hilo tushukuru. Lakini ruhusa ni ya watu watatu: wewe, Kafi Mdogo na Tia. Ndege tarehe 20 Februari. Kafi Mkubwa amewekwa kando mpaka ijulikane baba yake yuko hai au la, na kama yuko hai atoe idhini. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa mitatu. Wanasema atatafutiwa mlezi, na uchunguzi ukimalizika atawafuata.

Una wiki mbili. Unatia sahihi kukubali au kukataa. Ukikataa faili halifi, ila mnarudi mwisho wa foleni, wote wanne, mkisubiri pamoja. Karatasi zote mbili zimo humu.

Mimi sikushauri. Nimeshauri vya kutosha. Nisingeuchana ule mstari wa mke mwenza, huenda leo mngekuwa mnapakia wote. Nalifikiria hilo kila siku, Ikhlas, na Jumanne kituoni nimeharibu fomu za watu wawili nikaziandika upya.

Nisamehe, ukiweza.

Madiha


Aswan
25 Januari 2025

Bi Madiha,

Nimetia sahihi ya kukataa. Iko humu. Iwahishe Jumatatu.

Kabla hujaanza kulia, jua kwamba humu ndani hakuna anayenipongeza. Kafi Mkubwa hakunisemesha siku sita. Alikuwa anakula amenipa mgongo. Alipozungumza alisema, "Umewafungia wadogo zangu mlango kwa ajili yangu. Nani alikuomba?" Nikamwambia siku utakayopata mtoto utanielewa. Akaniambia, "Wewe hukunizaa, usinifundishe."

Nilimpiga kofi. Tangu nimbebe sijawahi. Lilisikika mpaka kwa jirani. Tia akaanza kulia, Kafi Mdogo akaja akasimama katikati yetu, mikono ameipanua hivi, na kifua chenyewe hakina hata kilo mbili. Anamtetea nani hata yeye hajui.

Basi nikasema yote niliyokuwa nimeyakalia. Nikamwambia ni kweli, sikukuzaa. Aliyekuzaa alikuwa na sauti mbaya ya kuimba na hakuogopa nyoka, na alikuwa ananipiga nilipokuwa mdogo, kwa hiyo kofi hilo lichukue ni lake, amelituma. Nikamwambia jina la kaka yake mkubwa, aliyekufa na mama yake, ambalo hajawahi kulisikia kinywani mwangu. Nikamweleza walipozikwa, chini ya mti gani. Miaka kumi na miwili nimekaa na dada yangu mdomoni nimemfungia humo, Bi Madiha, nikidhani namlinda mtoto. Nilikuwa najilinda mimi.

Alikaa chini. Akaniuliza kama Kaltuma alikuwa mrefu. Nikasema mrefu kuliko mimi. Akauliza kama alijua kusoma. Nikasema kidogo. Aliuliza mpaka jiko likazimika na chakula hakikupikwa. Bado ana hasira nami, amesema mwenyewe: "Bado nina hasira." Lakini amesema akiwa ameniangalia.

Wewe usijilaumu kwa ule mstari. Usingeuchana, tungekuwa wanne kwenye ndege, na mmoja wetu angekaa maisha yake yote kwenye kiti cha mke mwenza ambaye hakuwahi kuwepo. Mwaka ni mrefu, mitatu ni mirefu zaidi, na kadi yangu bado imeisha muda, na naogopa kama jana. Lakini wageni wameongezeka, jikoni tunafika mia na ishirini, na Kafi amekuja kusaidia kubeba. Hajaja kunifurahisha, amesema. Amekuja kwa sababu masufuria ni mazito.

Sasa kazi yako. Jumanne chukua fomu mpya. Andika watu wanne. Kwenye mstari wa Kafi Mkubwa, pale panapoulizwa jina la mama, andika Kaltuma Nalu na Ikhlas Nalu. Wakikuambia nafasi ni ya jina moja, waambie wewe ni karani wa miaka thelathini na nne, unajua kuandika herufi ndogo.

Ikhlas